UKINUNUA SABUFA KARIAKOO, SOMA NYUMA

Wakulima wote tunaijua lumbesa. Mnunuzi anakuja na gunia lililoongezwa kichwa. Anasema ni gunia moja, analipa bei ya gunia moja. Lakini mzigo uliomo ni zaidi. Ndiyo maana tunashauriwa kuuza mazao kwa mizani.

Leo tuzungumze juu ya lumbesa ya namna nyingine. Hii haiko shambani. Iko madukani, juu ya maboksi ya redio na sabufa. Ni namba kubwa iliyoandikwa juu ya kitu kidogo.

FEDHA ZA UFUTA

Mimi ni Bwana Shamba katika Mkoa wa Lindi. Miaka michache iliyopita, kikundi kimoja cha vijana kiliuza ufuta wao. Waliamua kununua sabufa ya kukodisha kwenye arusi na mikutano. Waliniomba nifuatane nao hadi Dar es Salaam.

Tulifika Kariakoo asubuhi. Mtaa wa Msimbazi ulijaa watu, maboksi na muziki. Katika duka moja tuliona sabufa mbili. Boksi la kwanza liliandikwa wati 80. La pili liliandikwa wati 5,000. Bei zake hazikupishana sana. Vijana walinitazama mimi, kwa kuwa nimesoma. Nikawaambia, "Chukueni ya 5,000."

Ndugu msomaji, nilikosea.

Katika arusi ya kwanza, watu waliokaa nyuma hawakusikia vizuri. Vijana wakaongeza sauti mpaka mwisho. Muziki ukaanza kukwaruza. Kabla ya saa sita usiku spika iliungua. Akiba ya msimu mzima ikaishia hapo.

Fundi aliigeuza ile sabufa. Alituonyesha maandishi madogo nyuma, pale waya wa umeme unapoingia. Yalisema wati 60. Maandishi hayo yalikuwapo hata dukani. Sisi tulisoma boksi tu.

NAMBA HIYO INATOKA WAPI?

Wati ni kipimo cha nguvu, kama vile kilo ilivyo kipimo cha uzito. Jina hilo linatokana na James Watt, fundi mashuhuri wa Scotland.

Karibu na namba kubwa ya boksi, mara nyingi utaona herufi PMPO. Herufi hizo zinataja nguvu ya juu kabisa ambayo chombo kinadaiwa kuitoa kwa kitambo kidogo mno, kama kufumba na kufumbua. Tena hakuna njia moja ya kuipima iliyokubaliwa na wote. Kila kiwanda kinaweza kupiga hesabu yake.

Mfikirie kijana mwenye nguvu. Anaweza kunyanyua gunia la kilo 100 kwa kitambo kidogo, kisha akaliachia. Je, utamwajiri alibebe kutoka shambani hadi nyumbani? Wewe unataka kujua anaweza kubeba kilo ngapi njia nzima.

Herufi za kutafuta ni RMS. Hizo hutaja nguvu ya mfululizo, yaani nguvu ya njia nzima.

Udanganyifu huu haukuanza kwetu. Huko Marekani, Serikali iliweka kanuni mwaka 1974. Iliwataka wauzaji wa vyombo vya muziki vya nyumbani kutaja nguvu ya mfululizo. Kanuni hiyo ilirekebishwa tena mwaka 2024, kwa sababu wauzaji walikuwa bado wanapima kila mmoja kwa namna yake.

PIGA HESABU MWENYEWE

Huwezi kuchota ndoo kumi katika mtungi wa ndoo moja. Vivyo hivyo, sabufa haiwezi kutoa mfululizo nguvu kubwa kuliko umeme inaokula. Hesabu yake ni hii:

Volti mara ampea ni sawa na wati.

Tuseme redio inatumia adapta ya volti 12 na ampea 2. 12 mara 2 ni 24. Basi redio hiyo haili zaidi ya wati 24, na sauti yake ni chini ya hapo. Kama boksi linasema 3,000, usiliamini.

Sasa tazama soketi ya ukutani. Umeme wetu ni volti 230, na plagi kubwa ya miguu mitatu ni ya ampea 13. 230 mara 13 ni 2,990. Basi soketi nzima haifikishi wati 3,000. Sabufa iliyochomekwa hapo itapata wapi 5,000?

Kama redio ina betri ndani, adapta ni ya kujaza betri tu. Hapo hesabu ya adapta haitoshi. Uliza wati za RMS.

KABLA HUJATOA FEDHA

1. Geuza chombo. Soma maandishi ya nyuma, siyo ya boksi peke yake.
2. Uliza wati za RMS. Linganisha na wati kinazokula. RMS ikizidi, namba hiyo si ya kweli.
3. Taka chombo kiwashwe. Ongeza sauti, sikiliza kama kinakwaruza.
4. Dai risiti. Mwombe muuzaji aandike aina ya chombo na wati za RMS. Akikataa, nenda duka jingine. Kariakoo maduka ni mengi.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi. Ukidanganywa, peleka malalamiko yako Tume ya Ushindani. Chukua risiti na boksi.

Wale vijana walilima tena. Walirudi Kariakoo bila mimi. Walinunua sabufa iliyoandikwa namba ndogo, baada ya kusoma nyuma. Hiyo ndiyo wanayokodisha mpaka leo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Adapta imeandikwa volti 9, ampea 3. Ni wati ngapi?
2. Ni vitu gani vingine vya dukani vinavyoandikwa namba kubwa?
3. Chukua redio ya nyumbani kwako. Nyuma yake pameandikwa nini?