ATV Inayosumbua Baada ya Kabureta Kusafishwa

Kabureta ya ATV, ile pikipiki ya magurudumu manne inayotumika mashambani na kwenye mchanga, huchanganya petroli na hewa kwa kipimo. Kwa uzito, sehemu moja ya petroli huhitaji sehemu 14.7 hivi za hewa ili iungue yote. Tundu moja haliwezi kushika kipimo hicho katika mwendo wote wa injini, ndiyo maana kabureta ina njia kadhaa za mafuta na kila moja ina zamu yake. Injini ikiwa mbaya zaidi baada ya kabureta kuoshwa na kurudishwa, chanzo mara nyingi ni kimoja kati ya vitatu: tundu lililobaki limeziba, kifaa kilichofungwa vibaya, au hewa inayopenya pasipotakiwa. Koili na CDI, yaani vifaa vya umeme vinavyowasha plagi, ambazo mafundi wengi hukimbilia kuzibadilisha, ziko nyuma sana kwenye foleni ya washukiwa. Zilikuwa nzima kabla kabureta haijafunguliwa, na hakuna aliyezigusa.

Uchunguzi huanzia kwenye akselereta. Ikiwa imefungwa au imefunguliwa mpaka robo hivi, mafuta hutoka zaidi kwenye jeti ndogo. Kuanzia robo hadi robo tatu, kazi ni ya sindano na bomba lake. Kupita hapo, jeti kubwa ndiyo inayotawala. Zamu hizi huingiliana kidogo, lakini zinatosha kuonyesha pa kuanzia. Kasi ya chombo isichukuliwe kuwa kipimo, kwa sababu ATV inayopanda mlima polepole yaweza kuwa imefunguliwa mafuta yote. Kipande cha utepe chenye alama, kikibandikwa karibu na akselereta, husaidia kuliko kukisia.

Swali la pili ni kama mafuta yamepungua au yamezidi. Yakipungua, injini hudai choki hata ikiwa imepata moto, hupiga chafya kupitia kabureta, au mwendo wake hupanda na kushuka wenyewe. Yakizidi, ekzosi hutoa moshi mweusi, plagi hushika masizi makavu, na injini huwa nzito kupokea resi. Kuna jaribio moja rahisi: tatizo linapojitokeza, choki ivutwe kidogo. Injini ikipata nafuu, mafuta hayatoshi. Ikizidi kuzama, mafuta ni mengi.

Kosa linaloongoza ni jeti ndogo iliyosafishwa nusunusu. Kwenye ATV nyingi tundu lake lina upana wa milimita 0.35 hadi 0.45 tu, na utando mwembamba wa petroli iliyokauka unatosha kulipunguza bila kuliziba kabisa. Dawa ya kupuliza hulowesha utando huo na kuuacha hapo hapo. Jeti lazima ifunguliwe, ielekezwe kwenye mwanga na kutazamwa: tundu lionekane la duara na safi. Likionekana na kivuli pembeni, lizibuliwe kwa unyuzi mmoja wa waya laini wa shaba. Waya wa chuma na ncha ya sindano ya kushonea hukwangua shaba ya jeti, na jeti iliyopanuliwa haina marekebisho zaidi ya kununua nyingine. Husahaulika pia vijitundu vya pembeni mwa jeti na mwa bomba la sindano, pamoja na vile vilivyo kwenye koo la kabureta karibu na kipepeo. Vyote hivyo vipulizwe kwa upepo wa kompresa kutoka pande zote mbili, macho yakiwa yamekingwa kwa miwani.

Jeti ndogo ndiyo inayoendesha sailensa, yaani injini ikiwaka bila akselereta kuguswa. Ikiwa ATV inawaka kwa choki tu na kuzimika mara choki inaporudishwa, hakuna sababu ya kugusa kitu kingine kabla ya kurudi kwenye jeti ndogo.

Jirani yake ni skrubu ya kurekebisha mchanganyiko. Ikiwa iko upande wa injini, hupima mafuta, na kuilegeza huongeza mafuta. Ikiwa upande wa chujio la hewa, hupima hewa, na kuilegeza hupunguza uzito wa mchanganyiko. Anayezichanganya mbili hizi atarekebisha kinyume siku nzima. Skrubu ya mafuta huwa na springi, washa ndogo na oringi, kwa mpangilio huo, oringi ikiwa ndani kabisa kuelekea ncha. Oringi hiyo hupenda kubaki ndani ya tundu, ikaharibiwa na dawa, au ikadondoka bila mtu kuona. Ikikosekana, hewa hupenya kupitia nyuzi za skrubu na sailensa haitatulia kamwe. Ufungaji huanza kwa kukaza skrubu taratibu mpaka iguse, kisha kuilegeza mizunguko miwili hivi, au idadi iliyotajwa na mtengenezaji. Kuikaza kwa nguvu huvunja ncha yake ndani ya kabureta, na hiyo ni hasara ya kabureta nzima.

Sailensa ikiwa nzuri lakini injini ikakataa kupanda resi, macho yahamie juu. ATV nyingi za mipigo minne hutumia kabureta ya vakyumu, ambayo pistoni yake huinuliwa na kiwambo chembamba cha mpira. Dawa kali ya kusafishia ikikigusa, kiwambo huvimba na kukataa kukaa kwenye mfereji wake. Fundi hukibana hivyo hivyo chini ya kifuniko, ukingo ukajikunja, na vakyumu ikavuja. Mpira uliovimba kidogo mara nyingine hurudi ukiachwa ukauke, ila uliochanika hauna dawa. Jaribio lake halihitaji kifaa: pistoni iinuliwe kwa kidole, tundu la hewa la kiwambo lililo mdomoni mwa kabureta lizibwe, kisha pistoni iachiwe. Ikianguka mara moja, kuna mahali panapovuja. Kwenye kabureta za pistoni ya kuvutwa na waya, kosa ni tofauti: pistoni yaweza kuingizwa kinyume. Sehemu yake iliyokatwa mshazari hutakiwa kutazama chujio la hewa, na ikigeuzwa injini hupiga resi kubwa tangu inapowaka. Kwa sababu hiyo akselereta hujaribiwa kabla ya kuwasha, usukani ukikatwa kushoto na kulia, kuhakikisha inarudi yenyewe.

Boya nalo hupima kina cha petroli kwenye bakuli. Ulimi wake ukipinda kidogo wakati wa kusafisha, kina hubadilika na jeti zote huathirika kwa pamoja. Kipimo hutofautiana kati ya kabureta na kabureta, hivyo hakikisiwi. Bakuli likifurika, uchafu umebaki kwenye kiti cha valvu ya boya, au ncha yake ya mpira imechakaa. Hapa kuna hatari inayopuuzwa: petroli inayofurika yaweza kupita kwenye silinda na kuingia kwenye oili. Oili ikiwa imepanda juu ya alama na kunuka petroli, imwagwe kabla injini haijawashwa tena, kwa kuwa oili nyepesi huua beringi.

Hewa ya wizi hupenya zaidi kwenye mpira unaounganisha kabureta na silinda. Mpira mkongwe hupasuka unapokunjwa kuitoa kabureta, na ufa wake hujificha upande wa chini. Injini ikiwa kwenye sailensa, maji yanyunyizwe kidogo kuuzunguka. Mlio ukibadilika, pa kuvuja pamepatikana. Ukaguzi huo uendelee kwenye mipira ya pembeni. Koki inayofunguliwa kwa vakyumu haitoi mafuta mpira wake ukisahauliwa, na papo hapo huacha tundu la hewa wazi. Mipira ya kupumulia ya kabureta ikibanwa na fremu wakati wa kufunga, petroli hushindwa kushuka sawasawa. Kosa hili hutokea sana kwenye ATV kwa sababu nafasi ni finyu. Injini inayokwenda vizuri dakika kadhaa kisha ikafa, na kuwaka tena kifuniko cha tangi kikifunguliwa, ina mpumuo wa tangi ulioziba. Chujio la hewa na kifuniko cha kisanduku chake virudishwe kabla ya kupima chochote, maana jeti zilichaguliwa vikiwa mahali pake.

Baadhi ya ATV za Polaris zenye kabureta zina swichi ya usalama kwenye kishikio, ambayo hukata moto ikihisi waya wa akselereta umelegea. Baada ya kabureta kurudishwa, waya usiporekebishwa injini hukosakosa mithili ya iliyokosa mafuta, na mtu aweza kuosha kabureta mara tatu bila kuupata ugonjwa.

Haya yote hayana maana ikiwa tangi bado lina petroli ileile iliyochafua kabureta. Petroli iliyokaa miezi kadhaa hupoteza sehemu zake nyepesi na kuacha gundi, na yenye ethanoli huvuta unyevu. Imwagwe, tangi lisuuzwe, chujio dogo la mafuta libadilishwe.

Kabureta ikithibitika kuwa safi na iliyofungwa sawasawa, ndipo zamu ya injini yenyewe inapofika: plagi mpya kwanza, kisha nafasi za valvu zikipimwa injini ikiwa baridi, kisha kompresheni. Valvu iliyobana haijifungi vizuri, hupoteza kompresheni, na huleta dalili zilezile za jeti ndogo iliyoziba, yaani kuwaka kwa taabu na sailensa isiyotulia. Tofauti huonekana kwenye vipimo vya nafasi za valvu na kompresheni.