KWA NINI MOTOKAA YA OTOMATIKI HUCHELEWA KUITIKA

Barabara itokayo Uyole kupitia Tukuyu hadi Kasumulu ina vilima na kona nyingi, na malori huipanda polepole. Hapo ndipo dereva wa motokaa ya otomatiki hulalamika: "Nimekanyaga mafuta, gari haliondoki!" Nataka kueleza sababu yake kwa ufupi.

Katika gari la gia za mkono, sahani ya klachi huishika injini barabara. Katika otomatiki nyingi, nguvu hupita ndani ya oili. Weka mapangaboi mawili yatazamane, uwashe moja. La pili nalo litazunguka, lakini baada ya kitambo. Ndivyo ifanyavyo oili hiyo. Tena, ukikanyaga ghafula, gari huanza kwa kutafuta gia ndogo, na oili lazima isukume mpaka gia hiyo ishike. Tena huku kwetu milimani hewa ni nyepesi, hivyo injini nyingi hupungukiwa nguvu.

Sasa tufanye hesabu. Gari lililo nyuma ya lori likienda kilomita 30 kwa saa, na jingine likija mbele kwa kilomita 60, hukaribiana mita 25 kila sekunde. Ukingoja sekunde mbili tu, mita 50 zimekwisha: nusu ya kiwanja cha mpira.

Kwa hiyo dereva mwenye busara huteremsha gia kwa mkono angali nyuma ya lori, hutazama mbele, na njia ikiwa wazi ndipo hutoka. Nasi abiria tusimhimize.