Kutu ndani ya tanki la gurupu

Baba anapangusa gurupu lake la umeme kila siku ya Mungu, linang'aa. Lakini ndani ya tanki nani anatazama? Kutu inaanzia mule.

Hapa Lubumbashi, toka mwezi wa 11 mpaka wa 3, hewa ina maji mengi. Tanki likiwa nusu, hewa hiyo inakaa juu ya esanse. Usiku ukipoa, maji yanashika bati na kutelemka mpaka chini kabisa, kwani ni mazito kuliko esanse. Chini pale bati linatoboka, esanse inatona pole pole, na mama amewasha mbabula hatua mbili tu kutoka hapo!

Gurupu la kila siku, ujaze tanki mashine ikiisha kupoa. Lile litakalopumzika mwezi mzima, toa esanse yote katika bido lenye kifuniko, kisha acha mashine izunguke nje mpaka izimike yenyewe. Kuziba tundu kwa sabuni, kama wanavyofanya mafundi wengine, ni dawa ya siku mbili; tanki libadilishwe. Na usichungulie ndani kwa kiberiti, hata kama unaliona kavu: mvuke wa esanse unabaki.