Mwanao Akilala Nyumba ya Kanisa Ulaya

Wiki mbili zilizopita, baada ya Alasiri, mama mmoja wa mtaani kwetu Kibokoni alinisimamisha njiani, simu mkononi. "Mwanangu," akaniambia, "wewe ndiye msomi wa hapa. Hebu nisomee. Wanasema kijana wangu ameingia jeshi huko London."

Msomi ni neno kubwa kwa mtu mwenye diploma, lakini nikaisoma. Ujumbe ulitoka kwa binti yake aliyeko Leicester. Ulisema kaka yake amefukuzwa alipokuwa amepanga, amehangaika wiki kadhaa, na sasa yuko Salvation Army. Nikamtuliza kuwa hilo si jeshi la bunduki, ni Jeshi la Wokovu, ni kanisa tu. Hapo ndipo nilipoharibu. Alikaa kitako kwenye baraza, akavuta buibui lake, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kwa hiyo wameshambatiza?"

Simlaumu. Tangu siku hiyo nimeulizwa swali hilohilo msikitini na kwa kinyozi, na hao walioniuliza ni watu wazima wenye akili zao. Na ni nyumba ngapi Mji wa Kale zisizokuwa na mtu Uingereza, Toronto au Marekani? Linalomkuta huyu leo laweza kumkuta wako kesho. Basi tuelezane hizi nyumba ni nini, zinatoa nini, na mtu akiingia anaulizwa nini.

Jeshi la Wokovu lilianzia mashariki mwa London mwaka 1865, pale mhubiri William Booth na mkewe Catherine walipoanza kuhubiria maskini na walevi wa mitaa ile. Jina la jeshi lilikuja 1878, pamoja na sare, bendera, tarumbeta na vyeo. Ndiyo maana mchungaji wao utamsikia akiitwa kapteni au meja. Kenya waliingia 1921, na hata hapa kwetu, ukivuka feri, shule ya wasioona ya Likoni ni wao wanaoidhamini. Kwa hivyo si watu wa kutushtua.

Makao yao ya kwanza ya kulaza watu yalifunguliwa 1888 huko Limehouse, karibu na gati za meli za London. Zama zile haikuwa bure. Kwa peni moja ulipata kukaa kwenye benchi usiku kucha ndani ya chumba chenye joto. Kwa peni nne ulipata kulala ndani ya sanduku la mbao, masanduku yamepangwa sakafuni safu kwa safu, hata watu wakayaita majeneza ya peni nne. Booth mwenyewe hakuona kuwa kitanda peke yake kinatosha. Mwaka 1890 alitoa kitabu akieleza kwamba aliyeanguka anahitaji kazi, ufundi na mtu wa kumsimamia, na mwaka uliofuata jeshi lake likafungua kiwanda cha viberiti ili watu wapate kazi.

Barabara iliyokuwa na makao hayo ya 1888 ilikuwa na nyumba nyingine ya kikristo iliyotangulia miaka thelathini na moja, ambayo inatuhusu sisi zaidi. Ilifunguliwa 1857 kwa ajili ya mabaharia wa kutoka Asia, Afrika na visiwa vya Pasifiki waliokwama London baada ya meli kuwateremsha. Wengi wao walikuwa Waislamu. Walipewa malazi, waliwekewa fedha zao wasiibiwe, walitafutiwa meli ya kuwarudisha makwao, na ndani ya nyumba alikuwamo mmishenari wa kuwahubiria. Kwa hivyo swali la yule mama ni la zamani sana. Mabibi wa mabaharia wa Bahari ya Hindi lazima walijiuliza vivyo hivyo.

Sasa tuje kwa leo, na nianze na kitu ambacho wengi hawakielewi: kwa nini kijana mwenye nguvu na karatasi zake halali alale nje katika nchi tajiri kama ile. Sheria ya England inaihimiza halmashauri ya mtaa kumsaidia mtu anayekaribia kupoteza nyumba. Tangu sheria mpya ilipoanza kutumika Aprili 2018, ukijua kwamba ndani ya siku 56 utakuwa huna pa kukaa, waweza kwenda kwao kabla hujatolewa, na wana wajibu wa kukusaidia. Lakini kusaidiwa kutafuta si sawa na kupewa nyumba. Wanaotangulizwa kupewa mahali pa kukaa ni wenye watoto, waja wazito, wagonjwa na wanyonge wa namna hiyo. Mwanamume wa miaka thelathini, mzima wa afya, hurudi nyuma ya foleni. Huyo ndiye anayeishia kwenye nyumba za makanisa na mashirika.

Nyumba hizo nazo haziko sawa. Ziko za usiku wa baridi tu: makanisa kadhaa yanashirikiana, watu wanalazwa ukumbini, wanapewa chakula cha moto jioni na chamsha kinywa, asubuhi wanatoka. Ziko za mchana zisizolaza mtu. Pale Whitechapel, kwa mfano, iko misheni iliyoanza 1876 ambayo kila siku inatoa chakula cha asubuhi, mahali pa kuoga na nguo za kubadilisha. Usidharau kuoga. Mtu aliyelala nje siku tatu hawezi kwenda kuomba kazi. Na anwani ya kupokelea barua, ambayo vituo vingi vya mchana hutoa, ni kubwa kuliko sahani ya chakula, kwa sababu kule benki, hospitali na mwajiri wote wanakuuliza unakaa wapi.

Kisha ziko zile za kukaa miezi, na kijana wetu yuko katika moja ya hizi. Siku ya kwanza walimkalisha wakamuuliza maswali mengi: afya, deni, dawa anazotumia, kama anakunywa au kutumia unga, kama amewahi kufungwa. Alidhani ni polisi. Kumbe ni kutaka kujua wamweke wapi na nani. Akapewa chumba chenye ufunguo wake, na mhudumu mmoja wa kumfuatilia. Wanakutana, wanaandika mpango: karatasi zilizopotea zitafutwe, asajiliwe kwa daktari, deni lipangwe, aandike maombi ya kazi, hatimaye atafutiwe chumba chake. Kodi yake hulipwa na msaada wa serikali, naye huchangia kidogo kila wiki kutoka mfukoni kwa chakula na umeme. Pombe na dawa za kulevya zina masharti makali, na wageni hawaingii wapendavyo.

Hapo kuna mwiba. Msaada huo wa serikali ni kwa mwenye haki ya kuupata. Aliyekwenda kwa viza ya masomo au ya kazi, au viza yake imeisha, kwa kawaida amezuiwa kupokea fedha za umma, na nyumba nyingi za aina hii haziwezi kumpokea maana hakuna wa kulipa kodi. Huyo kimbilio lake ni zile za usiku zinazoendeshwa kwa sadaka za waumini, na mawakili wa uhamiaji wa kujitolea. Wazazi wanaouza shamba kumpeleka mtoto masomoni walijue hilo mapema.

Dini je? Nilimpigia kijana mwenyewe, nikamuuliza wazi. Akacheka. Kuna mchungaji wa nyumba, anapita, anasalimu, anauliza hali. Ibada ipo, anayetaka anakwenda, asiyetaka hakuna anayemuuliza. Anasali chumbani kwake, na Ijumaa anakwenda msikitini. Chakula, alisema siku ya kwanza kwamba hali nguruwe wala nyama isiyochinjwa kihalali, akawa anapewa samaki, mayai na mboga. Ramadhani alimwomba mpishi amwekee chakula chake hadi Magharibi. Akawekewa.

Nisidanganye lakini kwamba kila mahali ni hivyo. Marekani kuna misheni za zamani ambazo mtu wa kulala usiku huketi kwanza kwenye mahubiri ndipo apande kitandani. Shirika linalopokea fedha za serikali kuu ya kule haliruhusiwi kumfanya mtu ashiriki ibada ili apate huduma, lakini linalojiendesha kwa michango yake lina uhuru zaidi. Kwa hivyo mtu aulize mlangoni: ibada ni hiari au ni lazima? Ni swali la adabu na halimkasirishi mtu. Nami kwa mtazamo wangu, akiambiwa ni lazima na nje kuna theluji, aingie akae kimya akisikiliza. Mashekhe watanisahihisha, ila maiti ya baridi haina faida kwa dini yoyote.

Lililoniuma zaidi si hilo. Kijana huyu alipotolewa chumbani alizunguka usiku ndani ya mabasi ya London karibu wiki tatu kabla ya kuingia mahali. Anapanda, analala kitini hadi mwisho wa njia, anashuka, anapanda jingine. Nilipomuuliza kwa nini, akasema alikuwa anajua kuna nyumba ya kanisa karibu, lakini aliona heri basi kuliko mama asikie amelala kwa Wakristo. Na kule, wasaidizi wanaopita usiku huwatafuta waliolala barabarani, na hosteli nyingi hupokea wale walioletwa na wasaidizi hao au na halmashauri. Hata huduma ya StreetLink, ambapo mpita njia au mwenye shida mwenyewe huripoti kwenye mtandao, huuliza mtu analala wapi ili apatikane. Aliyejificha ndani ya basi haonekani. Aibu tuliyomfunza sisi ndiyo iliyomficha.

Na wiki zile tatu, wallahi, alituma pesa nyumbani mara moja.

Waislamu wa kule wana yao pia. National Zakat Foundation inakusanya zaka Uingereza na kuigawa hukohuko kwa Waislamu wenye shida, na mtu anaweza kuomba. Lakini nyumba za kulala zilizo chini ya mikono yetu ni chache. Sisi ambao ibn sabil yumo katika wale wanane wa Surat Tawba, sisi ambao Ahlu Suffa walilala ndani ya msikiti wa Mtume, tunafunga misikiti kwa kufuli baada ya Isha, na vijana wanalala mbele ya maduka hatua chache kutoka mlangoni. Hapa Mombasa nasema, wala si London.

Jambo moja la mwisho kwa wale ambao jamaa yao amenyamaza kabisa. Jeshi la Wokovu lina huduma ya kutafuta ndugu waliopotezana, iliyoanza 1885. Anayeomba awe ni jamaa wa karibu, na kwa Uingereza kuna ada. Wakimpata, hawakupi anwani yake mpaka akubali mwenyewe. Wengine hukataa, na jibu litakalokuja ni kwamba yu hai.

Yule mama nilimsomea haya yote barazani kabla ya kuyaandika. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama hao watu wa jeshi wana blanketi za kutosha, kisha akanipa simu. "Muandikie," akasema. "Mwambie mamako amesema ukae hapohapo. Na mwezi huu usitume kitu."