Huduma za afya, usalama na ushauri nasaha kwa wanafunzi wa vyuo (Dar es Salaam)

Huduma za afya, usalama na ushauri nasaha kwa wanafunzi wa vyuo jijini Dar es Salaam ni misaada inayotolewa na vyuo, hospitali za umma, polisi na mashirika ya kiraia ili mwanafunzi aweze kusoma akiwa mzima wa mwili na akili, na bila hofu. Katika chuo chenye mabweni, sehemu kubwa ya huduma hizo hukaa pamoja ndani ya eneo moja. Katika vyuo vya katikati ya jiji, karibu na Kariakoo, zimetawanyika mitaani: daktari yuko mahali pamoja, polisi mahali pengine, mshauri mahali pa tatu. Kwa sababu hiyo mwanafunzi wa huko anahitaji kujua mapema ni mlango upi wa kugonga kwanza, kwa kuwa baadhi ya misaada hupoteza nguvu baada ya saa chache tu.

Historia

Elimu ya chuo kikuu nchini Tanzania ilianzia jirani na Kariakoo. Tarehe 25 Oktoba 1961 kilifunguliwa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha London katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na Kitivo cha Sheria peke yake. Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani, kilomita 13 hivi kutoka katikati ya jiji, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huko Mlimani palijengwa madarasa, mabweni, kumbi za chakula na kituo cha afya, hata mwanafunzi aliyeugua usiku aliweza kupata msaada bila kutoka nje ya chuo.

Vyuo vingine vilibaki mjini. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) ilianza mwaka 1957 kama chuo cha ufundi na kupata hadhi yake ya sasa mwaka 1997. Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) kilianzishwa mwaka 1965, na Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) mwaka 1972. Upanga kuna Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambacho kilitokana na shule ya udaktari ya mwaka 1963 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Ardhi ya mjini ni haba, kwa hiyo wanafunzi wengi wa vyuo hivi hupanga vyumba mitaani, wenyewe huviita "geto", na kufika darasani kwa daladala, kwa mabasi ya mwendokasi au kwa miguu.

Kuwa na mabweni peke yake hakukutosha kumlinda mwanafunzi. Februari 1990 Levina Mukasa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huko Mlimani, alijiua baada ya kusumbuliwa na kudhalilishwa na wanafunzi wa kiume wa kikundi kilichojulikana kwa jina la Punch. Kikundi hicho kilikuwa na desturi ya kubandika ukutani maandishi na michoro ya kuwaaibisha wenzao, hasa wanawake. Kifo hicho kiliamsha mjadala mkubwa. Wanawake wanataaluma pamoja na Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania (TAMWA), kilichoanzishwa mwaka 1987, walidai kwamba udhalilishaji usichukuliwe tena kama mzaha wa vijana.

Huduma za afya

Mlango wa kwanza ni zahanati ya chuo, pale ilipo. Humo hutibiwa malaria, homa, matatizo ya tumbo na majeraha madogo. Tatizo likizidi uwezo wa zahanati, mgonjwa hupewa barua ya rufaa. Ngazi za hospitali za umma huanzia zahanati, kisha kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, na juu kabisa hospitali ya taifa. Kwa anayeishi Kariakoo au Ilala, hospitali za karibu ni Mnazi Mmoja na Amana, ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Hospitali ya Taifa Muhimbili iko Upanga na kwa kawaida hupokea waliopelekwa kwa rufaa. Mgonjwa wa dharura hasubiri barua.

Malipo hufanywa kwa fedha taslimu au kwa bima. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, na kwa miaka mingi mwanafunzi aliweza kujiunga kupitia chuo chake kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Kosa la kawaida ni kulipa ada hiyo bila kufuatilia kadi, au kuiacha kadi ikaisha muda wakati wa likizo. Mwenye kadi hulijua kosa lake siku anapougua.

Mazingira ya jiji yana magonjwa yake. Mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 2015 ulianzia Dar es Salaam mwezi Agosti kabla ya kuenea mikoa mingine. Homa ya dengi, inayoenezwa na mbu anayeuma mchana, ililikumba jiji mwaka 2014 na tena 2019. Kwa kuwa dalili zake hufanana na za malaria, ni muhimu kupima kabla ya kunywa dawa. Mgonjwa wa dengi hutakiwa kuepuka aspirini na diklofenaki, kwani huongeza hatari ya kuvuja damu. Maduka ya dawa ya Kariakoo ni mengi na foleni zake ni fupi, lakini dawa iliyonunuliwa bila kipimo huweza kuficha ugonjwa mpaka ukakomaa.

Ushauri nasaha

Ushauri nasaha ni mazungumzo ya faragha kati ya mwenye tatizo na mtu aliyefunzwa kusikiliza. Mshauri hatoi amri wala hahukumu. Humsaidia mhusika kulitazama tatizo lake, kupima njia zilizopo na kuchagua. Watanzania wengi waliyasikia maneno hayo kwa mara ya kwanza katika vituo vya kupima VVU, na ndiyo maana wapo wanaodhani kwamba kumwona mshauri ni dalili ya kuwa na ugonjwa huo.

Chuoni huduma hii huwa chini ya ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Ofisi hiyohiyo hushughulikia pia mabweni, mikopo, nidhamu na serikali ya wanafunzi. Hapo ndipo ugumu ulipo: mwanafunzi huogopa kumweleza siri zake mtu ambaye kesho anaweza kukaa katika kikao cha nidhamu. Chuo kinachotenganisha kazi hizo mbili, kikampa mshauri chumba chake chenye mlango unaofungwa, huwasaidia wanafunzi kuja mapema. Wengine huanza kwa padri, mchungaji au shehe, na kwa wengi hilo ni jambo jema mradi anayesikiliza ajue wakati wa kumpeleka mhusika kwa daktari.

Dalili za kutafuta msaada ni pamoja na kukosa usingizi kwa wiki kadhaa, kuacha vipindi, kujitenga na wenzake, kulewa kila siku, au kusema kwamba maisha hayana maana. Maneno ya namna hiyo hayapaswi kupuuzwa. Mwenzake asimwache peke yake, bali amsindikize hospitali. Muhimbili ina idara ya afya ya akili. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na hofu ya kushtakiwa huweza kuifanya familia ifiche tatizo. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinapingana na katiba.

Ukatili wa kijinsia na rushwa ya ngono

Hapa ndipo saa zinapohesabiwa. Aliyebakwa anashauriwa kwenda hospitali haraka kabla ya kuoga au kufua nguo, ili ushahidi usipotee. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72, na humezwa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutumika ndani ya siku 5, lakini hufanya kazi vizuri zaidi vikimezwa mapema. Fomu ya polisi iitwayo PF3 huunganisha taarifa ya daktari na kesi. Hospitali ya Amana ina kituo cha mkono kwa mkono, ambapo mhanga hupata daktari, mshauri na polisi mahali pamoja. Vituo vya polisi navyo vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliongeza adhabu za ubakaji na kuutaja unyanyasaji wa kingono kuwa kosa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamgusa pia mhadhiri anayedai ngono ili atoe alama. Malalamiko hupelekwa TAKUKURU kwa nambari 113. Tangu mwaka 2021 serikali imevitaka vyuo vifungue madawati ya jinsia.

Usalama wa mitaani na majengo

Kariakoo ni eneo la biashara lenye msongamano mkubwa. Wanafunzi hununua mahitaji yao huko, na wengine huuza bidhaa ndogondogo ili kujikimu. Hatari ya kila siku ni kuporwa simu au kompyuta, hasa alfajiri na usiku. Kituo cha polisi cha eneo hilo ni Msimbazi.

Majengo nayo yana hatari zake. Tarehe 10 Julai 2021 moto uliunguza soko kuu la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Anayepanga chumba ghorofani anapaswa kuangalia kama kuna ngazi ya pili, kama mlango wa kutokea haufungwi kwa kufuli usiku, na kama nguzo zina nyufa au chini kunachimbwa. Nambari za dharura ni 112 kwa polisi na 114 kwa zimamoto. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 anaweza kupiga 116, simu ya huduma kwa mtoto.

Fedha na makazi

Matatizo mengi yanayofika kwa mshauri huanzia mfukoni. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kazi mwaka 2005. Posho yake ya chakula na malazi, maarufu kama "bumu", ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Mwenye nyumba mjini hudai kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na dalali naye hudai chake. Posho ikichelewa, mwanafunzi huruka mlo, hukopa, au hukubali kuhifadhiwa na mtu ambaye baadaye atadai malipo ya aina nyingine. Kwa hiyo ofisi ya mikopo ya chuo nayo ni sehemu ya huduma za afya na usalama, ingawa haina daktari wala askari.

Changamoto

Huduma nyingi zilizotajwa zipo, ila hazijaunganishwa. Wiki ya kwanza ya masomo wageni huelezwa kanuni za mitihani na ratiba; panapoongezwa maelezo kuhusu kadi ya bima, hospitali ya karibu, saa 72 na nambari za dharura, mwanafunzi huondoka akiwa na ramani ambayo wenzake wa Mlimani walipewa tangu mwanzo na majengo yenyewe.