Kipaimara si mahafali, imani ya mtoto hukua kwa hatua

Katika vijiji vya Igurwa na maeneo mengine ya Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, kipaimara ni sherehe ya ukoo mzima. Mtoto hununuliwa nguo mpya, ndizi hupikwa, wajomba na mashangazi hufika na zawadi.

Miezi michache baadaye, baadhi ya wazazi huanza kulalamika kuwa kijana haendi tena kanisani. Wapo wanaofikia kumchapa au kumwita mpotevu mbele ya wadogo zake.

Tatizo mara nyingi huanzia kwenye matarajio. Familia nyingi huyaona mafundisho ya kipaimara kama shule ya kuhitimu, kumbe ni mwanzo wa safari.

Maziwa kwanza

Katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 3, Mtume Paulo anawafananisha waumini wachanga na watoto wanaohitaji maziwa kabla ya chakula kigumu. Mama aliyehudhuria kliniki anauelewa mfano huo. Mtoto hunyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha huanzishiwa chakula laini taratibu huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Hakuna anayemlaumu mtoto wa miezi 4 kwa kushindwa kutafuna nyama.

Kila umri na imani yake

Msomi wa Marekani, James Fowler, katika kitabu chake cha mwaka 1981, alieleza kuwa imani hupita hatua. Mtoto mdogo huiga wakubwa. Wa shule ya msingi hupenda hadithi na kuzipokea kama zilivyo. Kijana hushika zaidi yale yanayoaminiwa na watu wanaomzunguka. Baadaye huanza kuhoji, hadi imani iwe yake mwenyewe.

Kwa hiyo, kijana anayeuliza kwa nini bibi alifariki wakati familia nzima iliomba apone, si lazima awe ameasi. Huenda ndiyo kwanza anaanza kufikiri juu ya Mungu kwa akili yake.

Somo la walokole

Kagera ina historia yake katika jambo hili. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliopata nguvu miaka ya 1930 huko Gahini, Rwanda, palipokuwa na hospitali ya wamisionari wa Kianglikana, ulienea Uganda na kuingia Kagera. Wafuasi wake waliitwa walokole, neno la Kiganda lenye maana ya waliookoka. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani, alikuwa mmoja wao.

Walokole walishuhudia siku waliyookoka, lakini hawakuishia hapo. Walikutana mara kwa mara, wakaungama makosa waziwazi, wakaombana msamaha na kurudisha vitu walivyoiba. Walijua kuwa aliyeokoka bado hukosea na bado anakua.

Mzazi afanye nini?

Usimlinganishe mtoto na ndugu yake au mtoto wa jirani. Sikiliza maswali yake, na kama jibu huna, mwambie huna. Ukimkosea, mwombe msamaha, maana hapo anajifunza toba kuliko kwa mahubiri. Sala fupi ya pamoja kabla ya kulala humfaa kuliko fimbo ya Jumapili asubuhi.

Pia mwangalie kwa makini. Kijana anayeacha kanisa lakini anacheza, anakula na kusoma kama kawaida, anahitaji subira. Anayejitenga na kila mtu, halali vizuri, hana hamu ya chakula na haonyeshi furaha kwa zaidi ya wiki mbili, huenda ana sonona. Huyo apelekwe kituo cha afya, na maombi ya familia yaendelee pamoja na matibabu. Akisema anataka kufa, usisubiri wiki mbili, mpeleke siku hiyohiyo.