Mwendo wa Mota

Likizo iliyopita nilikaa Namakwekwe, Mbale, kwa baba mdogo, ambaye ni fundi wa umeme. Siku moja alinichukua kwenye kinu cha mahindi kufunga kisanduku ambacho mafundi hukiita draivu. Feni ya kuvuta vumbi pale ilizidi nguvu, ikavuta hata unga. Wenyewe walikuwa wameziba nusu ya njia ya hewa, na mota ikakimbia vile vile, mfano wa dereva akanyagaye mafuta na breki pamoja.

Mimi, kwa kiburi cha fizikia, nikasema, “Baba, si tupunguze volti tu?”

Akacheka. “Mwanangu, ukipunguza volti peke yake mota itahangaika na mzigo mpaka iungue.”

Mota ya namna hii hufuata mapigo ya umeme. Mitambo ya bwawa la Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls na ambalo leo ni Nalubaale, hufua umeme uendao na kurudi mara 50 kila sekunde. Katika mota yenye ncha nne, mapigo hayo huizungusha sumaku mara 1,500 kwa dakika, na mhimili huifuata nyuma kidogo. Yakiwa mapigo 40, sumaku huzunguka mara 1,200.

Draivu huugeuza umeme kwanza uwe wa njia moja, kisha huukatakata upesi sana ili uwe tena wa kwenda na kurudi, kwa mapigo tuyatakayo. Volti nayo huishusha kwa kadiri ile ile.

Tulipoweka 40, feni ilitulia. Nguvu itakiwayo na feni ni mwendo uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu: 0.8 × 0.8 × 0.8, yaani 0.512. Karibu nusu! Nilirudia hesabu, sikuamini. Lakini jiwe la kusagia halifuati kanuni hiyo. Wala tusingeweza kushusha mno, maana kifeni cha kuipoza mota kimefungwa kwenye mhimili wake.

Baba mdogo alipozima umeme ili akaze waya mmoja, nikanyosha mkono. Akanikamata kwa nguvu. Ndani mna kapasita, ambazo huhifadhi umeme wa kuua hata swichi ikizimwa. Tukakaa juu ya magunia dakika kumi. Akapima, mita ikasoma sifuri, ndipo akanipa bisibisi.